Mizani ya Tumbaku

Alitoboa yai siku mbili baada ya wenzake,
bata mzinga, vidole vimekunjwa kama ngumi ya mdaiwa,
mdomo wa juu kushoto, wa chini kulia,
mkasi usiokata.

Bwana mifugo wa Sikonge alimgeuza mara moja,
akanirudishia: "Mama Nyamizi, huyu hata mchuzi hatoshi."
Nikacheka. Sikumjibu.

Nilimfunga vijiti vya kiberiti miguuni
kwa uzi wa kushonea marobota,
nikamlaza kwenye boksi la sabuni
karibu na jiko, si karibu sana.
Uji wa dagaa kwa bomba la sindano,
tone la asali ya nyuki wadogo,
tone, nangoja ameze, tone.

Vidole vikanyooka wiki ya tatu.
Ndipo kikaja hiki kingine kisicho na jina:
shingo inarudi nyuma, anatazama dari,
anatazama tu, kana kwamba paa linavuja.
Si mdondo. Si ndui. Dawa ya njano haikufaa.
Dawa ya bluu haikufaa.
Nimeuliza kila mwenye kuku hadi Tutuo.

Jana nilimpandisha kwenye mizani ya tumbaku,
ile iliyonipunja kilo nne msimu uliopita.
Mshale haukutikisika.
Mizani hii, nikasema, tunaijua.

Maganga anauliza usiku naamka kufanya nini.
Naenda chooni, namwambia.
Napitia jikoni,
natia kidole ndani ya boksi, gizani:
joto.
Narudi kulala.