Watoto Hulala Bure

Nilianza kutafuta tukiwa bado Tlaxiaco,
kwenye simu yenye ufa,
nikichambua bei kama anayechambua maharage.
Ya kwanza kung'aa: peso mia tatu themanini kwa usiku,
pazia la zambarau, kitanda kipana kama uwanja,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
*dakika arobaini kwa gari kutoka katikati ya jiji.*

Kwa gari la nani?

Nikachukua daftari la hesabu la Ubaldo.
Teksi kwenda, mia na tisini. Kurudi, mia na tisini.
Kitanda kimezaa kitanda kingine
na hatujala hata mkate.
Rahisi huvunja upishi, nami nina midomo mitano.

Fidencio akasema, akifunga kamba za viatu:
"Shika reli kwanza. Kitanda kitafuata."

Basi nikatafuta kwa reli,
kidole juu ya ramani, kituo baada ya kituo.
Jiji la Mexico limekipa kila kituo mchoro wake,
bata, mzinga, kasha la tufaha,
asiyejua kusoma naye asipotee.
Mama mkwe wangu hajui kusoma.
Siku hizi hata mchoro haoni;
ndiyo sababu ya safari, ndiyo sababu ya deni.

Posada Remedios, kituo cha Chabacano,
mchoro wake matunda matatu ya aprikoti.
Peso mia sita na ishirini, ghorofa ya tatu, lifti hakuna.
Kutoka kwenye mzinga, ilipo kliniki ya macho,
vituo vitano, kubadilisha mara moja,
peso tano kwa kila kichwa.

Kijana wa mapokezi, Gildardo, hakuinua uso.
"Wakubwa?"
"Watatu."
"Watoto?"
"Wawili."
"Watatu," akasema doña Hermila, akipapasa kaunta.
"Mmoja nimembeba humu."
Akagusa kope la kulia.
"Mtoto wa jicho. Ana miaka minne."

Gildardo akainua uso.
Akaliangalia lile jicho jeupe kama maji ya mchele,
akaandika.
"Chini ya miaka sita hulala bure."

Usiku treni zilipita chini ya dirisha
na bilauri zikagongana kwenye sinki.
Nayeli alihesabu kumi na nne kabla hajazama usingizini.
Mimi nilihesabu zilizobaki,
kisha kukawa kimya, na kimya ndicho kilichonikosesha usingizi:
kesho, kisu, jicho.

Siku ya tatu wakaondoa bandeji.
Hakulia, hakushukuru mtu.
Alimtazama Fidencio kwa muda mrefu,
akamwambia amezeeka.
Kituoni akasimama mbele ya mchoro, watu wakimpita:
"Huu ni mzinga. Wa kumpiga nani?"
Ndani ya behewa hakutaka kukaa.
Kila mlango ulipofunguka alisoma ukuta kwa sauti,
na mwenye gunia la vitunguu akawa anamwitikia.
Sisi tulikuwa bado tunabishana tushuke wapi
yeye alishakuwa nje, mkono kiunoni:
"Matunda matatu. Tumefika kwetu."

Kwetu, alisema. Pale pa taulo za kuhesabiwa
na sabuni nyembamba kama pipi iliyonyonywa.

Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe.
Hotelini, ya tatu hupewa bili.
Gildardo aliisogeza juu ya kaunta, muhuri umepinda:
wakubwa watatu, watoto watatu,
na mmoja wa watoto amekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Bado wa kushoto," nikamwambia. "Novemba."
"Chumba kile kile?"
Nilitaka kuomba cha nyuma, kisicho na kelele.
Doña Hermila alikuwa ameshajibu:
"Upande wa treni."