Fundi wa Piano Anunua Kuku

Nilinunua kuku sita kwenye gulio la Zarasai,
mwezi Septemba, kwa malipo ya piano ya shule.
Boksi lilikwaruza kiti cha nyuma njia nzima,
nami nikawapigia mluzi.
Muuzaji aliapa wote ni mitetea.
Ilipofika Novemba, mmoja akawika.

Banda nililipaka rangi nyekundu
kabla sijaweka ufito wa kulalia.
Basi wakalala viotani,
wakanya palepale pa kutagia,
na mimi kila asubuhi nikayaosha mayai
kama mtu anayeosha vikombe vya wageni,
nikajisifu kwa usafi.

Niliwapa mkate. Mkate asubuhi, mkate jioni.
Wakanenepa kama mito ya kochi,
mayai yakaja na ganda la kubonyea,
laini kama kope juu ya jicho.
"Chokaa," alisema Genovaitė kutoka upande wake wa ua.
"Na kokoto. Kuku hana meno, Vaidotas, au hujui?"
Sikujua.

Na waya, jamani!
Mimi niliyeshika nyaya miaka arobaini na moja,
nitambuaye kwa ncha ya kidole
uzi wa sauti nyembamba na uzi wa besi,
nilinunua wavu wa bei ya chee,
ule unaomzuia kuku asitoke
na usiomzuia yeyote asiingie.
Kicheche aliupasua kama anayefungua barua.
Hakula. Aliua wawili, akawaacha, akaenda zake.
Niliwazika chini ya mtofaa;
ardhi ilikuwa imeanza kuwa ngumu.

Kesho yake tu nikanunua wengine watatu,
nikawasukumia ndani usiku huohuo.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husemwa.
Hawa hawakuwa na kamba. Walikuwa na mafua.
Kufika Jumapili banda zima lilipiga chafya,
kila mmoja kwa noti yake.
"Siku thelathini," Genovaitė alisema,
"banda lao, bakuli lao, hata viatu vyako vingine."
Alisema hivyo akiwa amebeba mmoja kwapani,
akimfuta pua kwa leso yake.

Januari, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Kwa huruma nikaziba kila tundu, kila ufa,
kwa felti ya nyundo za piano,
nikaenda kulala nikiwa na amani.
Wiki moja, vilemba vyao vikawa vyeusi kwenye ncha.

Genovaitė akaja, hakunisalimu.
Alipitisha mkono mlangoni, akautoa umelowa.
Akanionyesha kiganja.
"Piano," akauliza, "ungeiweka humu?"

Maishani mwangu nimeingia nyumba ngapi
nikiwafokea watu kwa ajili ya unyevu,
nikifungua madirisha yao bila ruhusa!
Niling'oa felti kwa kisu hadi saa nne usiku.
Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akihesabu waliomfia mwaka wake wa kwanza.
Vidole vikamwishia, akaanza upya,
kisha akaniomba chai.

Wamebaki watano, na yule jogoo.
Saa kumi alfajiri huwika karibu kabisa na la,
chini ya noti kwa kiasi cha unywele.
Nalala nikimsikiliza.
Sina ufunguo wa kumkaza.