Hamna

Mbonea, kiraka chako nimekisoma mara tatu
huku juu, ghorofa ya pili, Tabata Kisiwani,
feni ikilisambaza jasho badala ya kulikausha.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Umeiita washa_kifaa.
Jina zuri, lina misuli, ni amri.
Lakini kifaa kikiwaka inarudisha moja,
kisipowaka, sifuri.
Na jirani yake, mistari kumi juu, sajili_kifaa,
mambo yakienda sawa hurudisha sifuri;
yakiharibika, hasi kumi na mbili, kumbukumbu imejaa,
au hasi kumi na tisa, kifaa chenyewe hakipo.
Nyumba moja, lugha mbili.
Mgeni apige hodi mlango upi?

Utasema moja ni ndiyo, hata mtoto anajua.
Sawa. Nani kakuuliza?
Ukiniuliza, "Mvua inanyesha?"
nitakujibu ndiyo au siyo.
Ukiniambia, "Anua nguo,"
sina ndiyo ya kukupa. Nitaanua.
Nikinyamaza, ujue zimeingia ndani;
nikifungua mdomo, ujue kuna kitu:
kamba imekatika,
au lile shuka la kijani silioni.

Nasi tulilijua hili kabla ya kompyuta.
Hujambo? Sijambo.
Uzima wetu tunautaja kwa kukanusha.
Sina jambo: sifuri.
Mwenye jambo ndiye anayedaiwa maelezo.

Naandika haya, na huko chini Mama Nyangeta
kamtuma Sifuni akanunue umeme.
Mita yetu ni moja, wapangaji sita.
Nikasikia malapa yakienda, malapa yakirudi.
"Vipi?"
"Hamna."
"Haya, nawa ule."
Saa nne na dakika kumi, giza.

"Si ulisema hamna?"
"Nilisema hamna! Hamna mtandao, mama."
Yeye alisikia hamna shida.
Mtoto hakudanganya. Mama si kiziwi.
Tatizo lilikaa katikati yao,
pale ambapo hakuna aliyeandika
hamna ina maana gani.

Usidhani nakucheka.
Mwaka ule wa pampu ya Kimara ni mimi niliyerudisha moja
nikimaanisha, nimejaza, furahini.
Aliyeniita akaiona moja, akadhani ni kosa,
akaagiza tena. Nikajaza tena. Akaagiza.
Alfajiri maji yalikuwa yanashuka ngazi
kama wapangaji waliochelewa kazini,
na mzee Lukindo kasimama mlangoni
na ndoo, akiniangalia tu.
Nikarudi nyumbani nikatunga ubeti, nikaubandika kwenye friji.
Upo mpaka leo, una doa la mafuta:

Jina likiwa agizo, sifuri ndiyo salama,
Hasi itaje kikwazo, kwa namba, siyo lawama,
Jina likiwa ulizo, moja ndiyo, imesema,
Usichanganye vigezo, mwitaji akalalama.

Si ushairi mkubwa. Umeniokoa mara nyingi kuliko ushairi mkubwa.

Betri imebaki asilimia thelathini na moja.
Basi, chagua. Ama uiache amri, irudishe sifuri,
ama ubadili jina, iwe kifaa_kinawaka,
iulize badala ya kutenda.
Ila usiniletee kitu kinachotenda kama mtumwa
na kujibu kama shahidi.
Kiini hakina uso, Mbonea. Hakikunji kipaji,
hakisemi "ehee?" ukimjibu vibaya mwenzio.
Kinaamini ulichorudisha, kinaendelea.

Kwa hiyo nakurudishia kiraka.
Si kwa hasi ya kufunga mlango;
ni hasi kumi na moja, unaijua: jaribu tena.

Malapa yanapanda kutoka barabarani, haraka haraka.
Sifuni hajasema kitu.
Mita imelia chini, vidole ishirini,
taa zimewaka, feni inajikohoza.

Na mstari wa mia mbili na arobaini, hebu uutazame.
Nao una harufu hiyohiyo.