Nusu Kikombe

At-Bashi, mwezi wa sita. Kondoo wamenyolewa,
sufu imetandazwa juu ya ngozi ya ng'ombe,
na shangazi Anipa anaichapa kwa fimbo mbili za mwerebi
mpaka itapike majira ya baridi yote:
mbigili, mavi makavu, kupe aliyekufa na shibe yake.
"Usisimame kama kigingi! Maji!"

Kisu kikali. Jua kali. Siki kali.
Mbwa mkali, na mwenye mbwa.
Neno ni lile lile, kidonda kila mara kipya.

Nikiwa na miaka tisa niliishi kwa Zuura, mke wa ami,
baba akiwa Urusi, akipaka rangi kuta za watu.
Zuura hakupaza sauti hata kwa paka.
"Pole," alisema, nikijikwaa.
"Pole pole," nikila kwa pupa.
Chai alinimiminia nusu kikombe, kama ilivyo ada yetu:
nusu, ili mkono urudi, ili mgeni akae.

Mwezi ambao pesa za baba hazikufika
alinijazia kikombe mpaka ukingoni.
"Kunywa, mwanangu. Pole pole. Usijiunguze."
Nilikuwa mtoto, si mjinga:
kwetu aliyejaziwa kikombe ameagwa.
Kitu laini kiliniingia mbavuni
na sikupata hata mahali pa kuonyesha damu.

Anipa alifika usiku, theluji hadi magotini mwa farasi,
akimtukana farasi, theluji, kaka yake, na mimi
kwa kutovaa soksi.
Alinifunga mgongoni kwa mshipi kama mzigo wa kuni.
Nyumbani akamimina chai. Nusu.
Nikaitazama ile nusu mpaka ikapoa,
akanifokea kwa kuipoza.

Sisemi ukali ni upendo. Wasemao hivyo
wana fimbo nyuma ya mlango.
Siku moja alinipiga kofi kwa sababu ya ndoo,
na kofi lile halikuwa na fundisho wala siri. Lilikuwa kofi.
Hakuniomba radhi. Alilala amenipa mgongo,
na alfajiri nikakuta ndoo imejaa, keshateka mwenyewe.

Sasa sufu imetakata. Anaweka fimbo chini,
anamwagia maji ya moto, tunaikunja ndani ya mkeka wa matete,
tunaibingirisha, viwiko vyekundu,
mpaka nyuzi zishikane.
Ana miaka sabini na mmoja. Anahema.
"Pole," namwambia.
"Pole ya nini?" anafoka. "Sukuma!"