Saa Nane na Dakika Arobaini

Shangazi Veturia alipokea maziwa ya kijiji kizima
katika kibanda cha mbao, Maramuresh, kaskazini kabisa mwa Romania,
alfajiri ambazo theluji ilifika hadi kitasa cha mlango
na makopo ya bati yaling'ata vidole vya waliokuja bila glavu.
Meza moja, daftari moja, kalamu iliyofungwa kwa uzi,
na laktomita, kioo chembamba kama unyasi,
kisichojua jirani wala shemeji.

Siku ile ilizama.
Maziwa yalikuwa ya Toader, baba wa watoto watano.
Ng'ombe wake Joiana, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa Alhamisi,
alikuwa amekauka kama soli ya kiatu.
Nyuma yake foleni ilipiga miayo.
Shangazi aliitoa laktomita, akaifuta, akaitumbukiza tena
(nadhani alikuwa akimwomba Mungu maziwa yabadili nia).
Hayakubadili.
"Leo hapana, Toader," alisema chinichini,
asisikie wa pili kwenye foleni.
Akaandika sifuri.

Toader alisikika hadi kanisani:
"Magoti yameota sugu kwa kusali,
na bado unaninyima kwa tone la maji!"
Watu wakacheka. Tone la maji, kweli.
Shangazi hakucheka.

Jioni aliunguza uji wa mahindi, jambo lisilowahi kutokea.
Tulikula sehemu ya juu, kimya.
Kisha akanivika koti la marehemu mumewe,
tukabeba nyasi kavu, mzigo wake na kamzigo kangu,
tukaziacha penye zizi la Toader bila kubisha.
Asubuhi tulizikuta barabarani, zimelowa.
Usiku tukapeleka nyingine.
Za siku ya tatu hazikurudi.
Wala salamu haikurudi, mwaka mzima.

"Si ungeandika tu lita nane?" nilimuuliza njiani.
"Nani angejua?"
Alitembea hatua nyingi, pumzi ikimtoka nyeupe.
"Kalamu ni farasi wa mlevi, mwanangu.
Akishaijua njia ya kilabuni,
mwenyewe anaweza kulala."
Hayo ndiyo mahubiri pekee niliyopata kwake.

Sasa niko Torino, katika nyumba ya wazee,
zamu ya usiku, ghorofa ya tatu.
Kanisani naenda Krismasi, na nikifiwa.
Kila kitanda kina karatasi yake:
amegeuzwa saa nne, saa sita, saa nane, sahihi.
Mzee Ubaldo hawezi kujigeuza; mgongoni
ana kidonda cha ukubwa wa sarafu, kinachotaka kuwa sahani.

Jana nililala kitini.
Saa nane ilipita bila kunigusa bega.
Mwenzangu Ornella alishajaza karatasi zake hadi alfajiri.
Akanisogezea kalamu: "Andika nane. Wote tunaandika nane."
Ilikuwa kalamu nyepesi, ya plastiki,
yenye tangazo la dawa ya kikohozi.
Nikaihisi ikivuta kuelekea kilabuni.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni.
Nilisikia friji, na Mzee Ubaldo akikoroma kidogo.
Nikainuka. Nikaipasha mikono kwa maji ya moto,
maana Shangazi hakumgusa ng'ombe kwa mikono ya baridi,
nikamgeuza polepole, bega kisha nyonga,
nikamwekea mto katikati ya magoti.
Alifumbua jicho moja, akaniita kwa jina la mtu mwingine,
pengine mwanawe.
Nikaitika.
Hapo sikuwa na laktomita.

Kisha nikaandika, kwa mwandiko unaosomeka:
saa nane na dakika arobaini.