Kizimio

Oktoba iliyopita mashua ya Kuosmanen
ilizunguka mbele ya Lehtisaari,
ikazunguka, ikazunguka, saa nzima na ziada,
usukani umelala upande, mtu hayumo.
Shakwe waliifuata wakidhani kuna samaki.
Tuliisikia kutoka jikoni. Baba akasema:
"Reino leo kapata petroli ya bure."
Tangi lilipokauka ndipo tukaelewa.

Hatukulizungumza tena. Ndivyo tulivyo huku Saimaa:
jambo zito tunalisukuma chini ya benchi la sauna
pamoja na ndoo zilizotoboka,
tunarudishia mlango.

Mei, barafu ilipokatika, nikanunua swichi.
Kijisanduku cha plastiki, kifungo chekundu,
kamba iliyojisokota kama waya wa simu za zamani.
Euro thelathini na nne.
Baba aliitazama risiti kabla ya swichi.

Nilifanyia kazi bandani, injini nimeifunga kwenye gogo.
Keekee ilikuwa ya mama.
Tundu la milimita kumi na sita,
unga wa alumini ukanijaa mikononi mwa sweta.
Nyaya mbili: mmoja nikauunga na mweusi utokao kwenye moto,
wa pili kwenye mwili wa injini wenyewe,
hapo nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa,
maana umeme haujali uzuri wa rangi.
Nikabana vishikizo kwa koleo, nikavuta kila kimoja
kama mtu anayepima jino la mtoto.
Silikoni kidogo. Basi.

Siri yake haizidi hapo:
klipu ikikaa, nyaya zimetengana na cheche inaishi;
klipu ikichomoka, zinagusana,
cheche inajiendea ardhini, injini inakata roho.
Kugusana ndiko kunakozima.
Nililiwaza hilo kuliko kazi ilivyohitaji.

Nikaijaribu ndani ya pipa la maji.
Vuta: ngurumo, moshi wa buluu. Chomoa: kimya.
Vuta. Chomoa. Kimya.

"Hiyo ya watoto," baba akasema, "na ya watalii wa Helsinki.
Miaka sitini na moja nimo ziwani
na sijafungwa kamba kama ndama."
Sikumjibu. Ubishi wa Aulis ni mwamba wa chini ya maji:
huupigi kichwa, unaupitia kando.

Juma la kwanza akatii, au nilidhani hivyo.
Kutoka gatini niliuona mstari mwekundu
ukikatiza mashua, nikashusha pumzi.
Kumbe kaifunga themosi.
Klipu kwenye mpini wa chupa, chupa kwenye benchi ubavuni pake,
wazee wawili wanakwenda kutega nyavu za muikku,
na kati yao mwenye bima ni kahawa.

Wasemao ajali haina kinga
hawajaketi meza moja na baba yangu.
Kinga ipo. Kaivisha chupa.

Tarehe tisa Juni meli ya watalii ilipita karibu mno.
Wimbi likaja ubavuni. Baba kasimama tezini,
injini inakwenda polepole, zipu iko wazi,
anakojoa, kama wanaume wote wa ziwa hili,
kama Reino, labda, siku ile.
Hakuanguka. Iliyoanguka ni themosi.

Aliniambia jioni, nikiparua samaki,
bila kunitazama:
"Ilizima. Mimi nimesimama, yenyewe imezima.
Helka, nilisikia matone yakidondoka kwenye kasia."
Kisha: "Ingekuwa..."
akatoka kwenda kupasua kuni tulizokwisha kuzipasua.

Asubuhi nilikuwa dirishani.
Aliinama, akaipitisha kamba juu ya goti,
akaifunga, akaivuta mara mbili kwa nguvu,
kama anayepima jino.
Injini ikawaka. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Themosi kaisahau mezani, ubavu umebonyea.
Nikajimiminia kikombe.