Desibeli

Bwana Ledbetter alibandika tangazo juu ya sinki la maabara:
shindano la utafiti wa afya ya jamii, wanafunzi wa sekondari,
zawadi, karo ya chuo kwa miaka minne.
"Tafuta jambo lililo kila mahali
na ambalo hakuna aliyelihesabu," alisema,
akarudia mkate wake wa siagi ya karanga.

Nikarudi nyumbani, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha kuku,
Arkansas, mwezi wa kumi,
na kabla sijagusa kitasa nikalisikia:
televisheni ikimfokea mama,
mama akiiangalia kwa upole
kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

Miaka kumi na minne amesimama kwenye mstari wa mapaja,
zamu ya usiku, minyororo ikilia juu ya kichwa chake.
Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Sijamsikia mtu akiuliza
nani aliliua.

Nikapanga nyumba sitini,
nusu za watu wa kiwandani, nusu za wasiokijua.
"Naomba uwashe televisheni
kama unavyoitazama siku zote."
Nasimama hatua tatu kutoka kwenye kochi,
simu ya kuazima mkononi, nasoma namba.

Mzee Takbar alisema masikio yake hayana neno.
Alisema mara tatu, kwa kelele.
Mkewe, nyuma yake, alinikonyeza.
Bi Neijon alisaini fomu ya ridhaa bila kuisoma,
nikamrudishia, nikamsomea yote,
nikakwama pale penye "una haki ya kujitoa":
kwetu Wamarshall, ukishamkaribisha mgeni hujitoi.
Akanipa donati sita kwenye karatasi.
Nikaandika daftarini: donati, 6.
Kisha nikafuta.

Nyumba ya arobaini na nne ilikuwa yetu.
Bwana Ledbetter akasema iache, utapendelea.
Nikaiacha. Zikabaki hamsini na tisa.
Lakini usiku niliipima, peke yangu,
na namba yake sijamwambia mtu.

Ikisari: maneno mia mbili hamsini, yasizidi.
Nilikata "mama". Nilikata "usiku".
Nikaandika "washiriki".
Nikaandika "tofauti ya desibeli kumi na moja"
na nikaona jinsi kumi na moja inavyokaa kimya kwenye karatasi.

Fainali ilikuwa jiji la mbali, hotelini,
zulia linameza hata viatu vya kuazima.
Majaji watatu.
"Unajuaje kwamba si umri tu?"
Nikafunua jedwali la umri; nilikuwa nimelingoja swali hilo
tangu Januari.
"Na mipaka ya utafiti wako?"
Nikasema: televisheni si sikio.
Nilitaka kusema: mpaka ni uzio wa kiwanda,
niliomba barua mbili kuuvuka, sikujibiwa.
Wakatabasamu, wakaandika.

Barua ikaja Alhamisi. Tunasikitika.
Mama alikuwa anachambua mchele.
"Sikuteuliwa, mama."
Nimesoma kwamba herufi *s* huondoka mapema,
ni nyembamba mno kwa sikio lililochoka.
Neno lile lina mkia mmoja, uteuliwe usiteuliwe.
"Umeteuliwa!" akapaza sauti,
na kabla sijamshika mkono
alishampigia shangazi.

Kufika saa moja jioni, viatu vilijaa mlangoni.
Bi Neijon na donati zake.
Mzee Takbar na hotuba.
Watu wa zamu ya usiku, wameshavaa buti,
wana dakika arobaini kabla ya king'ora.

Nikapanda juu ya kiti niwaambie ukweli.
Nikamwomba mdogo wangu azime televisheni.
Ikazimwa. Wakanitazama midomo,
wote, kwa pamoja, midomo.

Nikavuta pumzi.
Nikaanza na jedwali la kwanza,
polepole,
kwa sauti kubwa.